Laini ya chapati si laini ya nyama: walaji wanavyoeleza mguso wa chakula

Anayenunua viazi mviringo sokoni haulizi vina wanga asilimia ngapi. Anauliza, "Hivi ni vya unga au vya maji?" Muuzaji anaelewa papo hapo: mteja huyu anataka vya kuponda, au anataka vya kutia kwenye mchuzi visivurugike. Jibu analolitafuta kwa swali hilo fupi, maabara ingehitaji mizani, tanuri na saa kadhaa kulipata.

Kiazi cha unga ni kile ambacho seli zake zimejaa wanga. Kikichemshwa, chembe za wanga hufyonza maji na kuvimba kuanzia nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, na wakati huohuo pektini, ile gundi inayoshikanisha seli na seli, huyeyuka. Seli zilizotuna huachana. Ulimi unazikuta zikiwa punje ndogondogo kavu, mlaji anasema "unga", na hajakosea. Kiazi cha maji kina wanga kidogo, seli zake hubaki zimeshikana, na kipande chake hakipotezi umbo hata kikikaa jikoni muda mrefu. Tofauti hii unaweza kuipima nyumbani. Koroga kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, kisha tumbukiza viazi vibichi. Vya unga, kwa kuwa ni vizito zaidi, huzama. Vya maji huelea.

Kwa hiyo yapo maneno ya mlaji yanayokaa sawasawa juu ya kipimo. Yangekuwa yote hivyo, kusingekuwa na haja ya kuandika makala. Shida ni kwamba yale tunayoyatumia zaidi (laini, ngumu, kavu, nzito) kila moja hubeba mambo matatu manne yasiyohusiana, na msikilizaji huachiwa kazi ya kukisia ni lipi lililokusudiwa. Jikoni kwenu mnaelewana kwa sababu mmekula pamoja miaka mingi. Neno hilohilo likitoka nje ya jiko, likaingia kwenye dodoso la kampuni ya unga, kituo cha utafiti wa mbegu au wodi ya hospitali, mambo huharibika.

Chakula kikiwa sawa, hakuna anayeutaja mguso

Aliyeupa uchunguzi wa mambo haya msingi wake ni Alina Szczesniak, mtafiti mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi katika kampuni ya General Foods nchini Marekani. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha mfululizo wa makala kuhusu mguso wa chakula, yaani namna kinavyohisika mkononi na mdomoni. Katika utafiti mmoja watu walitajiwa vyakula kwa majina tu, wakaombwa waseme maneno yanayowajia kichwani. Maneno ya mguso yakajitokeza kwa wingi wa kushindana na maneno ya ladha, jambo ambalo wengi katika biashara ya chakula hawakulitarajia.

Lakini Szczesniak aliona na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa: mguso ukiwa kama ulivyotarajiwa, watu hawautaji. Ukikosewa, ndio wa kwanza kulalamikiwa. Angalia chakula cha mchana chochote. Wali ukichambuka vizuri, utasikia "mtamu". Ukivurugika, hakuna atakayekumbuka nazi wala iliki. Utasikia tu kwamba leo tumepikiwa bokoboko. Ndiyo maana msamiati wa walaji umejaa lawama. Uji una madonge. Ugali haujaiva, unanuka unga. Mkate umekauka, bhajia zimelegea, mchicha una mchanga, nyama inavutika. Upande wa sifa maneno ni machache na hayana umbo maalumu: laini, imeiva, tamu. Mtafiti anayeuliza "umependa nini?" huambulia kidogo. Anayeuliza "kitu gani kimekukera?" hujaza daftari.

Szczesniak alizigawa tabia za mguso katika mafungu matatu: zile za nguvu (ugumu, kushikamana, kunata, kurudi katika umbo baada ya kubonyezwa), zile za punje na nyuzi, na zile za unyevu na mafuta. Kisha akatengeneza ngazi za kulinganishia. Ngazi ya ugumu ina vyakula tisa. Inaanzia jibini laini ya krimu, inapita kwenye ute mweupe wa yai lililochemshwa, zeituni, karanga na karoti mbichi, inaishia kwenye pipi ya sukari iliyoganda ikawa mawe. Mtu akishazoezwa, anaweza kusema chakula fulani kiko kati ya zeituni na karanga, na mwenzake aliye mji mwingine akamwelewa bila wasiwasi.

Ila zeituni ni lazima uwe umeila. Miaka 12 baadaye, mwaka 1975, kilichapishwa kisa cha kuwazoeza waonjaji nchini Colombia, ambako ngazi zilibidi zijengwe upya kwa vyakula vinavyopatikana huko. Kwetu nadhani ngazi ya kwanza ingekuwa parachichi bivu na ya mwisho kashata iliyopitiliza motoni, na katikati ungezuka ugomvi usiokwisha kuhusu mahali pa kuuweka muhogo mbichi.

Uliza kinyume chake

Tuchukue "laini", neno lenye kazi nyingi kuliko yote.

Chapati laini ni ile inayokunjika bila kupasuka na kuchanika kwa matabaka. Ulaini huo unatokana na maji yaliyobaki ndani, unga uliokandwa na kupumzishwa, na mafuta yaliyoingia kati ya tabaka na tabaka. Kesho yake asubuhi tunasema imekauka, ingawa maji mengi bado yamo. Kilichotokea ni kwamba wanga uliovimba ulipoiva umeanza kujipanga upya na kukaza. Ushahidi ni kwamba ukiipasha moto inarejea, kwa muda. Kitu kilichopotewa na maji kweli hakirudi laini kwa kupashwa kwenye kikaango kikavu.

Nyama laini ni habari nyingine kabisa. Hapa ulaini ni nguvu ndogo ya kukata nyuzi, na mhusika mkuu ni kolajeni, kamba ngumu zinazofunga misuli, ambazo zikipikwa polepole kwa majimaji hugeuka jelatini. Papai bichi linalopakwa kwenye mishkaki hupita njia ya mkato: kimeng'enya chake, papaini, huzikatakata protini zenyewe. Ndiyo maana nyama iliyolala na papai usiku kucha inaweza kutoka bila ugumu na bila nyama pia, yaani imekuwa rojorojo lisilo na nyuzi. Mwenyeji wake atasema "imelainika mno", huku jirani aliyechemsha nyama saa tatu akisema vilevile "imelainika", na wawili hawa hawazungumzii kitu kimoja. Wavuvi wa Zanzibar wanaompiga pweza kabla hajapikwa wanatumia njia ya tatu, ya kuzivunja nyuzi kwa nguvu za mkono.

Ugali nao una laini mbili ndani ya sufuria moja. Ugali laini unaweza kuwa ule wenye maji mengi, wa mtoto au mgonjwa. Unaweza pia kuwa ugali wa unga laini, yaani sembe, hata ukisongwa ukakaza. Dona, lenye pumba na kiini chake, hukwaruza ulimi. Wanaolikwepa dona mara nyingi husema "si laini", na anayewahimiza kwa ajili ya lishe hudhani wanalalamikia ugumu, akawashauri waongeze maji. Maji hayaondoi pumba.

Dawa ninayoipendekeza ni rahisi: mtu akisema laini, muulize kinyume chake ni nini. Kinyume cha chapati laini ni kavu, yenye kuvunjika. Cha nyama laini ni ngumu au yenye kuvutika. Cha ugali laini ni uliokaza. Cha unga laini ni unaokwaruza. Na cha embe laini ni bichi tu. Kinyume hufichua kile neno lenyewe linachokificha, na katika dodoso kingefaa kuandikwa papo hapo kando ya neno badala ya kumwachia kila mlaji ajaze kwa akili yake.

Kisha kuna hukumu iliyojificha ndani ya maneno haya, ambayo mashine haiioni. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu. Wa kienyeji huishi miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kadiri ndege anavyokua, kolajeni yake hufungamana kwa viungo ambavyo moto hauvifungui upesi. Kwa mashine ya kupima nguvu ya kukata nyama, kuku wa kienyeji ni mgumu zaidi na hakuna ubishi. Lakini sikiliza mezani: wa kisasa "anapotea mdomoni", wa kienyeji "ana nyama ya kutafuna". Mashine hupima nguvu. Mlaji hupima nguvu, halafu hujiuliza kama kile alichopata kimelipa jasho la taya.

Bokoboko ni mfano mkali zaidi. Wali ukiwa bokoboko ni aibu ya mpishi, hasa wa pilau au biriani, ambako punje zinatakiwa kila moja isimame peke yake. Ila bokoboko lenyewe, ngano na nyama vilivyopikwa na kupondwa hadi havitambulikani, ni chakula cha heshima cha Idi na harusi Zanzibar, Mombasa na Lamu. Oman na nchi za Ghuba wanaliita harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kulipika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hali ileile ya kuvurugika na kushikamana, sahani moja inaadhibiwa kwayo na nyingine inasifiwa. Ukikusanya maneno ya walaji bila kuandika ni chakula gani walichokuwa wakikisema, umekusanya makapi.

Mkono, jino, koo na sikio

Neno la mguso lina wakati wake pia. Anayekula ugali kwa mkono anaujua kabla haujafika mdomoni: hauumbiki, unanata vidoleni, unamomonyoka. Ugali wa muhogo, bada kwa watu wa pwani, unavutika kuliko wa mahindi kwa sababu wanga wa muhogo umepungukiwa na amilosi, ile sehemu ya wanga inayokaza haraka chakula kikipoa. Kisha huja jino na neno lake, gumu. Katika kutafuna huja mengine, yaani kunata, kuvutika, kukwaruza. Mwisho kabisa ni koo, na hapo Kiswahili kina ukali wake: chakula kinashuka, kinateleza, au kinakaba. Muhogo mkavu wa kuchemsha unaweza kuwa mlaini kwa jino na bado ukakaba. Anayesema "mkavu" hapo anazungumzia mate aliyolazimika kuutolea, na chai iliyoko pembeni haikuwekwa kwa bahati.

Mate yenyewe hayafanani. Mate ya binadamu yana amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, na watu hutofautiana sana kwa wingi wake kwa sababu idadi ya nakala za jeni inayokitengeneza hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Abigail Mandel na Paul Breslin, walionyesha kwamba wenye amilesi nyingi huhisi uzito wa wanga ukipungua mdomoni upesi zaidi. Ndugu wawili wanaobishana kama uji ni mzito au mwepesi huenda wote wanasema kweli.

Sikio nalo lina kura. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Massimiliano Zampini na Charles Spence waliwapa watu vipande vya viazi vilivyokaangwa wavitafune mbele ya kipaza sauti huku wakijisikia kupitia vifaa vya masikioni. Sauti ilipoongezwa, hasa ile nyembamba ya juu, watu walisema vipande ni vikavu na vipya zaidi. Ilipopunguzwa, wakaviona vimelegea. Viazi vilikuwa vilevile. Mwaka 2008 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel, ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Muuza mihogo ya kukaanga anayevitikisa vipande kwenye chujio ili vilie angeweza kuwaambia hayo bila maikrofoni.

Hapo ndipo "kavu" linapogeuka kuwa sifa. Mkate mkavu ni lawama, samaki wa kukaanga mkavu kwa nje ni sifa, na ukoko wa wali hugombewa. Chakula kinacholia kinapovunjwa kimebakiwa na asilimia chache tu za maji. Kuta zake nyembamba ni ngumu na hukatika ghafla, na kila mkatiko hutoa sauti. Maji yakirudi, hata kwa njia ya hewa ya bahari tu, kuta hulegea, zikapinda badala ya kukatika, na sauti ikafa. Tazama anavyopakua muuza urojo wa Zanzibar. Rojo la njano la moto hutangulia pamoja na viazi, bhajia na kachori, na vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga huja mwisho, juu kabisa. Ukiliacha bakuli dakika kumi ukipiga soga, unakula kitu kingine, ingawa kila kilichotiwa kingalimo.

Utelezi nitaupitia upesi, kwa kuwa ugomvi wake hauna suluhu. Mlenda, uwe wa Dodoma na Singida au mrenda wa magharibi ya Kenya, hupikwa kwa makusudi uteleze, mara nyingi kwa kutiwa magadi, ambayo hulainisha majani haraka. Anayetiwa bamia kwenye mchuzi kwa mara ya kwanza ukubwani huliita jambo hilohilo ute, na kukunja uso. Katika lugha ya Wajapani watafiti wamekusanya zaidi ya maneno 400 ya mguso wa chakula, na utelezi wa vyakula vyao kadhaa vya soya na viazi unayo maneno yake mahususi yasiyo na dharau. Aliyezoea kuupenda mguso huutengenezea maneno.

Kiazi lishe na neno chelema

Kisa kinachoonyesha vizuri gharama ya kutosikiliza ni cha viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Upungufu wa vitamini A ulikuwa, na bado ni, tatizo la watoto wengi Afrika Mashariki, na viazi hivi vina beta-karotini nyingi ambayo mwili huigeuza vitamini hiyo. Kwa karatasi, hesabu ilikuwa nyepesi: wape wakulima mbegu, watoto watakula. Walaji wakavionja, wakasema ni vya maji. Pwani wangesema chelema.

Neno lao lilikuwa na mzani nyuma yake. Viazi vitamu vyeupe na vya manjano vilivyozoeleka huku mara nyingi huwa na asilimia 30 au zaidi ya kitu kikavu, yaani kinachobaki maji yote yakiondoka. Nyingi za mbegu za chungwa zilizoletwa kutoka nje zilikuwa chini ya asilimia 25. Kwa Mmarekani anayekioka kiazi kwa siagi, unyevu huo ndio utamu wenyewe. Kwa mtu anayekichemsha akanywa nacho chai ya asubuhi na kutegemea kimfikishe mchana, kiazi chelema kimemwibia. Ubaya zaidi, katika mbegu nyingi rangi ya chungwa ilikuwa ikiandamana na majimaji. Ukiongeza moja unapata na lingine bila kuliomba.

Wataalamu wa mbegu, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, ilibidi watenganishe sifa hizo mbili: rangi ibaki, unga urudi. Mwaka 2007 Uganda ikatoa mbegu zilizopewa majina Kabode na Vita, za chungwa lakini zenye unga wa kutosha kukubalika, na Kabode ikavuka mipaka hadi Kenya na Tanzania. Mwaka 2016 Mwanga, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kuingiza lishe ndani ya mazao. Magazeti yaliandika sana kuhusu vitamini. Kuhusu unga yaliandika kidogo, na bila huo vitamini ingebaki shambani.

Na hata hapo "walaji" hawakuwa kundi moja. Waliotaka unga walikuwa watu wazima. Watoto wadogo, ambao ndio walengwa, hawakuwa na neno na kiazi laini chenye maji. Kwao kilikuwa rahisi kumeza. Ila mtoto hanunui mbegu wala hachagui kinachopandwa.

Uganda hiyohiyo ilipata somo la namna hiyo kwenye ndizi. Migomba mipya iliyochanganywa ili kustahimili magonjwa ilizaa vizuri, lakini kadhaa kati ya ndizi zake zilipofanywa matoke zilitoka ngumu, au zikapoa zikakaza, wakati matoke hutakiwa yawe ya manjano, laini na yenye kuumbika mkononi. Kuanzia 2017 mradi wa RTBfoods, ukiongozwa na CIRAD, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ufaransa, ulijaribu kulipindua zoezi katika nchi kadhaa za Afrika: kwanza kusikiliza wapishi na walaji wanavyoyaeleza matoke, muhogo, viazi vikuu na viazi vitamu, kisha ndipo kutafuta kipimo cha maabara kinacholingana na kila neno, ili mbegu mbaya ikataliwe kabla haijafika kwa mkulima.

Uji mzito ni upi?

Uji ndipo neno linapoweza kuumiza. "Mzito" kwa mama mwenye mtoto wa miezi minane ni neno la shibe. Uji mwepesi ni maji, na mtoto atalia njaa usiku. Lakini wanga ukipikwa huvimba, na kwa unga kidogo tu uji unakaza kiasi cha kumshinda mtoto kuumeza. Ukiongeza maji ili umezike, tumbo dogo linajaa kabla nguvu haijatosha. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilishughulikia hili kwa kitu kinachojulikana vijijini tangu zamani, kimea. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ina amilesi. Kijiko chake kikitiwa kwenye uji mzito ulioanza kupoa, uji huyeyuka ukawa mwepesi machoni pako huku unga wote ukiwa umo. Ugumu ulikuwa kuaminika. Kwa macho na kwa kijiko, uji huo ni "maji", na mama aliyelelewa kujua kwamba mwepesi maana yake hauna kitu anahitaji zaidi ya maelezo ya mtaalamu ili aubadilishe msimamo.

Kwa mgonjwa aliyepata kiharusi neno huwa hatari kinyumenyume. Koo lililodhoofika hushindwa kuyazuia majimaji mepesi yasiingie kwenye njia ya hewa, hivyo familia huambiwa wampe uji mzito kidogo. Kidogo kiasi gani? Kila nyumba ina uzito wake. Ndiyo maana wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya mfumo uitwao IDDSI, wenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, na kipimo chake cha vinywaji hakihitaji mashine. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano (urefu wa alama zake, kutoka sifuri hadi 10, uwe milimita 61.5), ziba mdomo wake kwa kidole, jaza uji hadi alama ya 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1, huo ni mwepesi kama maji, ngazi ya 0. Zikibaki 1 hadi 4 ni ngazi ya 1, 4 hadi 8 ni ya 2, zaidi ya 8 ni ya 3. Usipotiririka kabisa, umeshaingia ngazi ya 4, na hapo hupimwa kwa uma na kijiko. Ngazi inayomfaa mgonjwa huamuliwa na mtaalamu wa kumeza au daktari. Kazi ya nyumbani ni kuifikia na kuishikilia.

Kuishikilia ndiko kugumu kwa uji wa nafaka. Ukipoa unakaza, kwa hiyo upimwe ukiwa na joto lilelile atakalonywea mgonjwa. Na kijiko kikitoka mdomoni kikarudi bakulini kinaingiza mate, yaani amilesi. Kila aliyelea mtoto ameuona uji ulioachwa nusu ukigeuka maji baada ya muda. Bakuli lililopimwa ngazi ya 2 mwanzoni mwa mlo linaweza kuwa chini ya hapo kabla halijaisha. Chota kiasi kidogo kwenye kikombe cha pembeni, mlishe kutoka humo, na uji uliobaki kwenye bakuli kubwa usiguswe na kijiko chake.